Paladini wangu, tangu enzi za kuchekwa

Juzi dogo mmoja aliyeanza World of Warcraft, lile gemu la mtandaoni, mwaka jana kaniuliza eti ni kweli zamani paladini, yule askari mtakatifu wa mwanga, alikuwa takataka. Nikacheka peke yangu, maana yeye anamjua huyu wa sa hivi anayeruka na farasi wake wa mwanga na kufyeka kila kitu mbele yake. Nikaanza kumjibu kwa voisi ya WhatsApp, ikafika dakika nne, nikaona bora niandike tu hapa yaishe.

Mimi nimeanza 2006, kwenye cyber moja pale Upanga (na hapana, sikuchagua mtaa kwa sababu ya jina, halafu mwenyewe nilikuwa natumia nyundo). Binamu yangu aliyekuwa Leicester alinitumia boksi la CD, kila baada ya miezi miwili ananitumia namba za kadi ya kulipia muda. Intaneti ilikuwa ya dishi. Pingi, yaani muda wa kusubiri seva ijibu, milisekunde 700, siku ya mvua usiulize, yaani unabonyeza, unameza mate, ndo kitu kinatokea. Nilianza na yule mwizi wa visu viwili kwa sababu kila kijana anataka kuwa yule, nikamwacha ndani ya wiki maana nikifika mgongoni kwa mtu kumbe mwenzangu alishaondoka zamani, nachoma hewa tu.

Paladini ndo aliniokoa, na aliniokoa kwa sababu hakuwa na cha kubonyeza. Sitanii. Unawasha muhuri wako, uchawi wa kuitia silaha nguvu, unadumu sekunde 30, nyundo inajipiga yenyewe kila baada ya sekunde tatu na kitu, ukiwa na bahati muhuri unatoa pigo la ziada, katikati unahukumu mara moja, kisha unarudi kusubiri. Kaka mwenye cyber akipita nyuma yangu alikuwa ananiuliza, "Dogo, hiyo gemu unaicheza au unaiangalia?" Sikuwa na jibu. Ila ule uzembe wa klasi nzima (klasi ni aina ya mhusika unayemchagua) ndo uliendana na net yangu, watu wa Ulaya wakilalamika kuwa paladini anaboa mi nilikuwa nashukuru Mungu.

Sasa nguvu yenyewe. Levo 60, ya juu kabisa enzi hizo, raidi (kundi la kwenda kuua mabosi wakubwa) ilikuwa ya watu 40, na ukijitokeza na nyundo ukasema wewe ni mpigaji, watu wanakucheka waziwazi. Mana, yaani nishati ya uchawi, inakauka kabla bosi hajafika nusu, tanki, yule wa kupokea kipigo cha bosi, huwezi kuwa kwa sababu hukuwa hata na namna ya kumlazimisha adui akugeukie wewe, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kutibu. Kiongozi wetu wa raidi aliniambia neno moja tu, badilisha nguo. Nikavua chuma nikavaa kanzu za kitambaa kama kasisi, kwa sababu ndo zilikuwa na namba nzuri za kutibu, nikawa nasimama nyuma huko mtu mzima na kanzu yangu narusha mwanga. Aibu ilioje.

Lakini subiri, hapa ndo wengi hawaelewi. Walitucheka, na hawakuwa wanakwenda popote bila sisi. Gemu lina pande mbili zinazopigana, Alliance na Horde, na paladini alikuwa upande wa Alliance peke yake, Horde wao walikuwa na shamani. Kati ya baraka zetu, uchawi wa kuwasaidia wenzako, ile ya Salvation ilikuwa inapunguza chuki ya bosi kwa asilimia 30, maana yake wapigaji wako wanajiachia bila kuhofia kugeukiwa. Ukiongeza baraka ya Kings, asilimia 10 ya kila kitu kwa kila mtu. Nilipofika 60 tayari kulikuwa na zile baraka kubwa za dakika 15 zinazoshika klasi nzima, zililetwa na pachi (sasisho la gemu) 1.9, lakini waliotutangulia walikuwa wanasimulia enzi za dakika 5, mtu mmoja mmoja, watu 40, ukimaliza wa mwisho wa kwanza imeshaisha, wanavyosimulia ni kama wazee na foleni za sukari.

Na vituko navyo. Kulikuwa na kipaji kimoja, Reckoning, ukipigwa pigo kubwa unawekewa shambulio moja la akiba, na mwanzoni akiba haikuwa na kikomo, kwa hiyo mtu anakaa chini kwa makusudi anapigwa mpaka anachoka, akisimama anamwaga zote kwa mkupuo. Wakaona wakaweka kikomo cha nne. Halafu ile ngao ya kutoguswa, sekunde 12, na jiwe la kurudi nyumbani linachukua sekunde 10, hesabu unaiona mwenyewe. Kwa pingi 700 zile sekunde mbili za ziada zilikuwa kama kuwahi pantoni la mwisho Kigamboni, mara nyingine unaingia, mara nyingine unabaki unalitazama.

2007 ikaja nyongeza ya kwanza ya gemu, Burning Crusade, Horde nao wakapewa paladini, na ghafla tanki wa paladini akawa mtu, anawasha ardhi chini yake na kundi zima la maadui linamng'ang'ania. Sikucheza sana mwaka ule, nilikuwa na mitihani.

Kisha Oktoba 2008. Nyongeza ya pili, Wrath of the Lich King, yenyewe ilikuwa haijatoka, ilitoka Novemba 13, ila pachi ya maandalizi ilitangulia na ndani yake kuna paladini wa nyundo aliyefanyiwa sijui nini. Naingia uwanja wa vita siku ya kwanza, dishi lile lile, pingi ile ile, nabonyeza vitu vitatu na mtu wa pili yuko chini, mwenyewe sijaelewa. Mchawi kaja, chini. Mimi! Mvaa kanzu! Nilikaa cyber mpaka asubuhi, kaka akakataa hela ya masaa ya mwisho kwa jinsi alivyokuwa anacheka. Na bila shaka kila mtu kwenye seva akafungua paladini wiki hiyo hiyo, waliokuwa wakitucheka ndo wa kwanza. Wiki chache mbele wakatukata makali, Novemba hata haijafika katikati, na wale wageni wakaondoka kama walivyokuja.

Ila nikwambie ukweli, kwangu mimi pachi kubwa kuliko zote haikutoka kwa Blizzard, wenye gemu. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar, baada ya muda pingi yangu ikaanguka hadi 200 na ushee, nikajua kumbe gemu lina sauti za mapigo zinazoendana na kidole.

Ya baadaye unayajua. Nyongeza ya Cataclysm ya 2010 ikaleta Holy Power, pointi za kukusanya kisha kuzitumia, sasa una cha kuhesabu na cha kubonyeza, Legion ya 2016 ikatupa upanga maarufu wa Ashbringer mkononi na papo hapo ikafuta mihuri yote, na Machi 2023 pachi 10.0.7 ikamsuka upya paladini wa upanga akawa moto kiasi kwamba dogo wangu anadhani kazaliwa hivyo. Ana nguvu, sibishi. Lakini namwangalia naona mpigaji kama wapigaji wengine wenye mwanga wa njano, baraka tulizokuwa tunagawana kama posho hazipo, na hata ngao sasa ni sekunde 8 wakati jiwe bado ni 10. Kila walipomwongezea nguvu walichukua kitu alichokuwa nacho peke yake.

Agosti 2019 walipofungua Classic, yaani gemu kama lilivyokuwa zamani, nilirudi, safari hii niko nyumbani kwangu, faiba, kiti kizuri, nyundo. Nikafika 60, nikaandika kwenye gildi, chama chetu cha wachezaji, kuwa mimi ni mpigaji. Kimya. Baada ya dakika kama mbili hivi mmoja akajibu: kanzu unayo?

Nilikuwa nayo, iko benki.