Jim Brown Bado Yuko Mbele: Hoja Yangu Kuhusu Mkimbiaji Bora wa Futiboli ya Marekani

Ubishi kuhusu mkimbiaji bora kuliko wote katika futiboli ya Marekani hauishi, na sababu kubwa ya kutoisha kwake ni kwamba kila mbishi huja na kipimo chake bila kukitaja. Anayemtetea Emmitt Smith huhesabu mataji na jumla ya yadi, yaani umbali ambao mkimbiaji amesonga na mpira. Anayemtetea Barry Sanders huzungumzia yale ambayo macho yake yaliyaona. Anayemtetea Walter Payton husifu ukamilifu na ustahimilivu. Na anayemtetea Jim Brown hushika wastani wa kila mchezo na kuuliza ni nani mwingine aliyeufikia. Mimi nimo katika kundi hili la mwisho, ingawa si kwa ajili ya wastani peke yake, na ingawa ipo hoja moja dhidi ya Brown ambayo naiona nzito kuliko zile zinazotolewa kila siku.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu kwa karibu, mkimbiaji ninayemzungumzia ni yule anayesimama nyuma ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akakabidhiwa mpira mkononi, kisha akatakiwa kusonga nao mbele huku wachezaji kumi na mmoja wa upande wa pili wakitafuta kumwangusha. Mbele yake wapo wazuiaji watano wa safu ya mbele, ambao kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili upatikane mwanya, na mara nyingi yadi tatu au nne za kwanza ni jasho lao kuliko lake. Hapo ndipo ugumu wa mjadala ulipo, kwa sababu kitabu cha takwimu huandika jina moja tu. Mwaka 2023 Saquon Barkley alikimbia yadi 962 akiwa na New York Giants. Mwaka uliofuata alihamia Philadelphia Eagles, waliokuwa na wazuiaji wa hali ya juu, akakimbia yadi 2,005 katika michezo 16 na kuumaliza msimu akiwa bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi. Hata ukizingatia kwamba mwaka 2023 alikosa michezo mitatu, wastani wake kwa kila mara aliyobeba mpira ulipanda kutoka yadi 3.9 hadi 5.8, na sidhani kama kuna mtu atakayesema kwamba alijifunza kukimbia katika miezi michache ya mapumziko.

Kwa hiyo siamini jumla ya yadi, wala siamini rekodi ya msimu mmoja. Wakimbiaji tisa wamefikisha yadi 2,000 katika msimu mmoja, kuanzia O.J. Simpson mwaka 1973 hadi Barkley mwaka 2024, na rekodi yenyewe, yadi 2,105, ni ya Eric Dickerson tangu mwaka 1984; lakini wengi wa hao tisa huwezi kuwaingiza katika mjadala huu, kwa kuwa msimu mmoja mzuri huweza kuletwa na mambo mengi yasiyo ya mkimbiaji. Ninachokitazama ni umbali kati ya mchezaji na wenzake wa wakati uleule, waliocheza chini ya sheria zilezile na kukabiliana na mabeki walewale, na pia idadi ya miaka ambayo umbali huo ulidumu.

Nikianza na Smith, yeye ndiye mwenye yadi nyingi kuliko wote, 18,355, alizozikusanya kuanzia mwaka 1990 hadi 2004, karibu zote akiwa na Dallas Cowboys, pamoja na tachidauni 164 za kukimbia, yaani mara alizoufikisha mpira katika eneo la goli la wapinzani, ambazo hakuna aliyezifikia. Wanaomdharau husema kwamba nyuma ya safu ile ya mbele, iliyokuwa na majabali kama Larry Allen na Nate Newton, mtu yeyote angekimbia, na mimi naona wanamwonea. Mwaka 1993, alipokataa kucheza kwa sababu ya mkataba, Cowboys waliokuwa mabingwa watetezi walipoteza michezo yao miwili ya mwanzo. Aliporudi wakatwaa taji tena, naye akateuliwa mchezaji bora wa ligi na mchezaji bora wa Super Bowl. Katika mchezo wa mwisho wa msimu huo wa kawaida, dhidi ya Giants, alitenguka bega, akaendelea kucheza, na akamaliza na yadi 168 za kukimbia huku timu yake ikishinda 16–13 katika muda wa nyongeza. Huyo si mtu wa kubebwa. Hata hivyo, wastani wake wa yadi 4.2 kila alipobeba mpira ni wa mkimbiaji mzuri sana aliyedumu sana, na rekodi yake kubwa inanieleza zaidi kuhusu kudumu kuliko kuhusu kuwapita wengine.

Barry Sanders ndiye anayenifanya nisite. Alikuwa mfupi, wa takriban sentimita 173, na kwa misimu kumi na Detroit Lions, kuanzia 1989 hadi 1998, alikimbia yadi 15,269 kwa wastani wa yadi 5.0, bila kupungua yadi 1,000 katika msimu hata mmoja. Takwimu hizo hazisemi namna alivyozipata. Sanders alikuwa akipokea mpira, akikuta mwanya umefungwa, anakaribia kusimama kabisa, anageuka upande wa pili, na beki aliyekuwa amekwisha kunyoosha mikono anabaki ameshika hewa. Alikuwa akiutumia uwanja kwa upana wake kama vile urefu ni jambo la baadaye. Mwaka 1997 alianza na yadi 53 tu katika michezo miwili ya kwanza, kisha akapita yadi 100 katika kila mmoja wa michezo 14 iliyofuata, akamaliza na 2,053. Ukiniuliza ni nani ambaye ningelipa kiingilio nimtazame, nitamtaja yeye kabla hujamaliza swali.

Lakini mtindo ule ulikuwa na gharama yake. Kila aliporudi nyuma kutafuta njia, mara nyingine njia haikuwapo, na timu ikajikuta imebaki na yadi nyingi za kutafuta kwa pasi. Tarehe 31 Desemba 1994, katika hatua ya mtoano dhidi ya Green Bay Packers, alibeba mpira mara 13 na kupata jumla ya yadi moja pungufu ya sifuri. Mchezo mmoja hauwezi kumhukumu mtu wa kimo chake, na Lions hawakuwa timu ya kumsaidia. Ila inashangaza kwamba mwaka 1998, akiwa nao, walishinda michezo mitano, na mwaka 1999, baada ya yeye kustaafu ghafla kwa barua ya faksi iliyotumwa kwa gazeti la Wichita, alikozaliwa, walishinda minane na kufika mtoano. Aliondoka akiwa amebakiza yadi 1,457 tu kuifikia rekodi ya Payton iliyokuwapo wakati huo, na hakurudi kuitafuta.

Payton naye alicheza Chicago Bears kuanzia 1975 hadi 1987, akaondoka na yadi 16,726, na katika miaka kumi na mitatu alikosa mchezo mmoja tu, mwaka wake wa kwanza. Tarehe 20 Novemba 1977, akiwa na mafua makali, aliwakimbia Minnesota Vikings kwa yadi 275, rekodi ya mchezo mmoja iliyosimama hadi mwaka 2000. Kwa kipimo changu, hata hivyo, ana tatizo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba aliongoza ligi kwa yadi mara moja tu, mwaka huohuo wa 1977. Nitamrudia.

Sasa Brown. Alicheza Cleveland Browns kwa misimu tisa, 1957 hadi 1965, michezo 118, bila kukosa hata mmoja. Alikimbia yadi 12,312, wastani wa yadi 5.2 kwa kila kubeba na yadi 104.3 kwa kila mchezo, na hadi leo hakuna mkimbiaji mwingine aliyemaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na wastani wa zaidi ya yadi 100 kwa mchezo. Kati ya misimu hiyo tisa aliongoza ligi katika minane. Mmoja uliobaki, wa 1962, alipitwa na Jim Taylor wa Green Bay. Haya hutajwa na kila mtu. Kinachotajwa kwa nadra ni ukubwa wa pengo. Mwaka 1958, msimu ulipokuwa wa michezo 12 tu, Brown alikimbia yadi 1,527 na aliyemfuata, Alan Ameche, alikuwa na 791. Mwaka 1963 alikimbia 1,863, na Taylor akamfuata na 1,018. Mwaka 1965, ambao ulikuwa wa mwisho kwake, alikimbia 1,544, na kijana mpya aliyeitwa Gale Sayers akashika nafasi ya pili kwa 867. Simpson alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1973, alipomwacha John Brockington kwa yadi 859, lakini kwake ilitokea mara moja. Brown alilifanya mwanzoni, katikati na mwishoni mwa safari yake, tena chini ya makocha wawili wenye mifumo tofauti, Paul Brown na kisha Blanton Collier.

Hoja inayonisumbua inahusu mtu anayeitwa Leroy Kelly. Brown alipostaafu mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 30 na akiwa London kwa ajili ya filamu, nafasi yake ilichukuliwa na Kelly, ambaye hapo awali alitumika zaidi kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani. Msimu huohuo Kelly alikimbia yadi 1,141 kwa wastani wa yadi 5.5, wastani ulio juu ya ule wa Brown, kisha akaongoza ligi mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Ukiutazama mfululizo huo bila upendeleo, unalazimika kukiri kwamba safu ya mbele ya Cleveland, iliyokuwa na Gene Hickerson na Dick Schafrath, ilikuwa ikitengeneza njia pana, na kwamba sehemu ya utukufu wa Brown ni yao. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba Kelly mwenyewe alikuwa mchezaji aliyestahili kuingia katika Jumba la Heshima, wanakoenziwa magwiji wa mchezo huu, kama alivyoingia, na bado, akiwa na wazuiaji haohao, hakuwahi kuvuka yadi 1,250 kwa msimu, wakati Brown alifikia 1,863 katika idadi ileile ya michezo. Safu ile iliweza kumpa mkimbiaji bora nafasi ya kwanza. Haikuweza kumpa pengo lile.

Hoja ya pili, kwamba enzi ile ilikuwa nyepesi, ina ukweli ndani yake. Brown alikuwa na uzito wa kilo 105 hivi, karibu sawa na baadhi ya wale waliojaribu kumzuia. Zaidi ya hapo, milango ya ligi haikuwa wazi kwa watu weusi wote waliostahili. Timu ya Washington haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja hadi mwaka 1962, na mmoja wa wa kwanza alikuwa Bobby Mitchell, aliyetoka Cleveland alikocheza pamoja na Brown. Tangu mwaka 1960 vipaji viligawanywa pia na ligi pinzani ya AFL. Lakini ugumu au wepesi wa enzi humgusa kila aliyecheza wakati huo, na ndiyo maana nimechagua kumlinganisha na wenzake wala si na watu wa miaka ya tisini. Hata ukiichanganya AFL, mkimbiaji wake wa kwanza mwaka 1963, Clem Daniels, alikuwa na yadi 1,099. Wanaouliza kama Brown angeweza kucheza leo wanauliza swali ambalo halina namna ya kujibiwa, na mimi huliacha lilivyo.

Kuhusu maisha yake nje ya uwanja, alituhumiwa zaidi ya mara moja kuwapiga wanawake, na mwaka 2002 alikaa jela kutokana na kesi ya kuliharibu gari la mkewe. Ninapomweka wa kwanza nazungumzia ukimbiaji, na sioni haja ya kuyaficha hayo ili nafasi hiyo ipendeze.

Nafasi ya pili ndiyo inayonipa kazi, kwa sababu hapo kipimo changu kinanisaliti. Sanders aliongoza ligi mara nne, Smith mara nne, Payton mara moja, na kama ningekifuata kipimo hicho kikavu, Payton angekuwa wa nne. Siwezi kumweka huko. Kipimo cha yadi za kukimbia hakihesabu pasi 492 alizodaka, tachidauni nane alizozirusha kwa mkono wake mwenyewe, wala namna alivyokuwa akimlinda kwotabeki, ambapo alikuwa akimwendea beki mkubwa kuliko yeye na kumgonga kabla hajagongwa. Sanders mara nyingi alitolewa nje timu ilipokaribia mstari wa goli. Payton hakutolewa popote. Wapo watakaosema kwamba kwa hoja hiyo Marshall Faulk naye, aliyefikisha yadi 1,000 za kukimbia na 1,000 za kudaka katika msimu wa 1999, anastahili kupandishwa, na pengine ni kweli kwamba nimempita haraka mno. Kwa sasa Payton ni wa pili kwangu, Sanders anamfuata kwa karibu sana, na Smith yuko nyuma yao, akiwa na mataji matatu, wakati Sanders hakupata hata moja.