Moto wa kijani wa warlock, na wale wa "si rangi tu"

Kuna watu ukiwaambia unahangaikia rangi ya spelli (uchawi unaorusha) kwenye gemu wanakucheka kabisa, eti haiongezi demeji (madhara kwa adui) hata kidogo, sasa ya nini. Wakamuulize mtu yeyote aliyecheza warlock, mchawi wa mashetani, kwenye gemu ya mtandaoni World of Warcraft mwaka 2013.

Iko hivi, mashetani wa Burning Legion, jeshi la maadui kwenye gemu hiyo, moto wao ni wa kijani, ndo alama yao, sasa warlock ambaye kazi yake nzima ni kufuga hao hao mashetani alikuwa anarusha moto wa chungwa kama mage tu, yule mchawi wa kawaida, tangu gemu imetoka 2004! Watu wamelalamika weee, miaka na miaka, ndo patch 5.2 (sasisho la gemu) ikaja na kitabu kinachodondoka kule Isle of Thunder, ukikipata unaanza kwest (misheni) ndefu inakupeleka mpaka Black Temple na huko anakusubiri bosi wa kupigana naye, Kanrethad Ebonlocke, na unaingia peke yako, hakuna tanki wa kukukingia mapigo, hakuna wa kukuponya.

Utamu uko hapa: kwenye pambano Kanrethad anaita pit lord, lishetani likubwa balaa, na wewe hutakiwi kuliua, unalikamata kwa ile spelli ya kutia mashetani utumwani halafu linageuka kumpiga bosi wake. Spelli ambayo wengi walishaitoa hadi kwenye kibodi kwa kutoitumia! Ukishinda, spelli zako za moto, Immolate, Incinerate, Rain of Fire, zote kijani. Demeji ile ile. Ila ukiingia raid, pambano la kundi kubwa, kila mtu anajua umepita wapi.

Glyph nazo, yaani vitu vya kubadilisha spelli zako, zilianza 2008 na toleo la Wrath of the Lich King, nyingi zikiwa za kuongeza nguvu, mpaka toleo la Legion 2016 zikabaki za urembo tu na mimi naona walifanya la maana. Glyph of Stars kwa mfano, maana Moonkin, umbo analojigeuza druid, jamani ni bundi mnene mwenye pembe, umehangaika kutafuta mavazi halafu yote yanamezwa na manyoya, glyph inakurudishia umbo lako liking'aa.

City of Heroes, gemu nyingine, wao waliachia kabisa, sasisho la Issue 16 mwaka 2009, rangi za pawa unachagua mwenyewe. Najua hoja ya PvP (wachezaji kupigana wao kwa wao), kwamba adui lazima atambue kinachomjia, sawa, si aone rangi ya kawaida kwenye skrini yake na mimi nione yangu? Gemu ya Path of Exile mionekano ya spelli wanaiuza, na sioni ubaya, gemu yenyewe bure, ila ya kununua haina stori, watu wanaona pochi tu.

Saa hizi nipo na mage wa frost (barafu). Nikiambiwa nilipie nalipa, nikiambiwa nipigane napigana, nataka spelli yake ya Frostbolt iwe nyeusi basi.