Asia Iliyomo Ndani ya Kuta na Vyungu vya Lamu

Mtu anayetaka chakula cha Kiasia jijini Nairobi hutafuta kibao kilichobandikwa mlangoni: mkahawa wa Kichina, mkahawa wa Kihindi, na siku hizi hata wa Kijapani au wa Kikorea. Katika mji wa Lamu njia hiyo haimfikishi mbali, kwa sababu huko Asia haikutengewa mlango wake. Imo katika sahani ambayo mwenyeji ataiita chakula chetu, imo katika lipu ya ukuta, katika pete ya fedha na katika maulidi yanayosomwa msikitini, na imekuwamo kwa muda mrefu kiasi kwamba wenyeji wengi hawaoni sababu ya kuitaja. Kila niendapo Lamu huitafuta kwa makusudi, na kadiri ninavyoitafuta ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba watu wa pwani walichagua wenyewe walichokitaka katika shehena za majahazi, kisha wakakipa kazi ambayo mafundi waliokitengeneza hawakuiwazia.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ni bakuli. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanatunza mjini humo nyumba ya karne ya 18 ili wageni waone jinsi matajiri wa Lamu walivyoishi. Mgeni huingia kupitia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akafika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, vyote virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kadiri mtu anavyokwenda ndani ndivyo anavyokaribia sehemu ya siri ya nyumba, na huko ndiko ukuta ulikojazwa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, safu kwa safu, zilizochongwa katika lipu ya chokaa kwa ustadi ambao hunifanya nisimame muda mrefu kila mara. Zidaka hizo zilipambwa kwa vyombo vya kauri, vingi vikiwa vimetoka China. Wako watafiti walioeleza kwamba vyombo hivyo havikuwa pambo tu, bali vilikuwa pia kinga, kwa kuwa chumba cha ndani ndicho kilichopokea uzazi na ndicho kilichopokea msiba. Bakuli lililofinyangwa ili mtu alie wali likapewa ulinzi wa nyumba.

Nje ya nyumba likapewa kazi nyingine. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, lipo kaburi la mnara ambalo mafundi walilipachika bakuli za Kichina za enzi ya wafalme wa Ming, zikikodolea macho wapita njia kutoka ndani ya mawe ya matumbawe. Kaburi la mtindo huo huwezi kulipata China. Ni wazo la pwani, lililofikiriwa na watu wa pwani na kujengwa kwa mikono yao, na ndiyo maana husikitika ninapomsikia mtembeza wageni akilieleza kana kwamba lililetwa likiwa kamili ndani ya meli.

Nasikitika vilevile kuona simulizi za China na pwani yetu zikianza na kuishia kwa admirali Zheng He, ambaye misafara yake ilifanyika kati ya 1405 na 1433. Ni kweli kwamba twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na ni kweli pia kwamba mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, pamoja na Sloan Williams, walitangaza kuwa wamepata sarafu ya mfalme huyo, Yongle, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mlango wa bahari kutoka Lamu. Lakini katika Manda hiyohiyo wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamekwisha kupata vyombo vya China na vya Uajemi vya karne ya 9, yaani takriban miaka mia tano kabla ya admirali huyo kuzaliwa. Havikuja kwa msafara wa kifalme. Vililetwa na wafanyabiashara wa kawaida, wakibadilishana mali bandari kwa bandari, wakija na kaskazi na kurudi na kusi. Mimi nawaona hao wasiojulikana majina kuwa wahusika wakuu wa habari hii.

Vigae vya vyombo hivyo havikutupwa. Masonara wa Lamu huvikata, huvisugua, kisha huvizungushia fedha na kufanya pete na vidani, hivi kwamba mtu anaweza kutembea barabarani akiwa amevaa kidoleni kipande cha ua la buluu lililochorwa China. Sijaona sanaa ndogo inayonigusa kuliko hii. Hata hivyo, nawaomba wanaoipenda wamuulize sonara kigae kimetoka wapi. Magofu kama Manda, Takwa na Shanga yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na kigae kilichookotwa huko kimepoteza habari yote ambayo udongo ulikihifadhia. Sahani iliyovunjika jikoni hutoa pete nzuri vilevile.

Sasa nije kwenye chakula, ambacho ndicho hasa hunirudisha Lamu. Sahani isiyopingwa na yeyote mjini ni wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari kando. Mpunga ulivuka bahari kutoka Asia, na watafiti walipochuja udongo wa makazi ya kale ya pwani na visiwa vyake, kazi waliyoichapisha mwaka 2016, walipata mbegu za mpunga wa Asia na za pojo zilizokaa ardhini kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mnazi nao ni mgeni wa zamani, na ndivyo ulivyo mwembe. Samaki peke yake ndiye mwenyeji kamili, lakini ni mpishi anayeamua lini tui jepesi liingie na lini tui zito limalizie, na uamuzi huo ni wa jikoni za Waswahili.

Kuhusu achari tuna shahidi wa kuheshimika. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni akawekewa maziwa ya mgando pamoja na ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alipokelewa pia kwa tambuu na popoo, heshima iliyokuwa imetoka Asia pamoja na majani yenyewe. Ninapokaa mezani Lamu na kuona kibakuli cha achari ya embe kimeletwa bila kuagizwa, huwa najua kwamba mpangilio huo wa meza una umri wa karibu karne saba.

Biriani inastahili maelezo yake, kwa kuwa ndiyo inayoitwa ya Kihindi haraka kuliko chakula kingine. Katika majiko mengi ya India wali na nyama hupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya chungu kimoja, kikafunikwa na kuachwa vikomae pamoja kwa mvuke. Waswahili wamevitenganisha. Wali hupikwa peke yake na kutiwa rangi na zafarani, nao mchuzi mzito hupikwa peke yake kwa maziwa ya mgando, nyanya na vitunguu vingi vilivyokaangwa hadi vikawa vya rangi ya kahawia, kisha viwili hivyo hukutana kwenye sinia tu. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akipika kwa ajili ya harusi mtaa wa Langoni ikiwa biriani yake ni ya Wahindi. Hakukasirika, wala hakuacha kugeuza vitunguu. Alinijibu, "Mwanangu, Mhindi ana yake, na sisi tuna yetu. Zote ni tamu." Sina la kuongeza juu ya jibu hilo.

Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka mengi mjini katika karne ya 19, na ladha zao zimebaki katika sambusa, bajia na viazi vya karai vinavyouzwa jioni. Kwa upande wa Uarabuni kuna halua, inayoliwa pamoja na kahawa chungu, na mkate wa mofa unaobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo. Juu ya milango ya kuchonga sitasema mengi, kwani imeandikwa sana.

Muziki nao una lake. Katika taarab ya pwani ya Kenya kimo chombo kiitwacho taishokoto, chenye nyuzi na vibonyezo, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kuwa mahadhi yamekopwa lakini vina, mizani na mafumbo havikuyumba hata kidogo.

Watu wengi husahau kwamba Yemen pia iko Asia, na kusahau huko huiondoa nusu ya habari ya Lamu. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Hadhramaut, nchini Yemen, aliyekuja Lamu kutoka Komoro, ndio kiini cha sherehe za Maulidi zinazoujaza mji kila mwaka, na maulidi yanayosomwa humo yalitungwa Seiyun, huko huko Hadhramaut. Husomwa kwa Kiarabu na kusindikizwa na matari, na watu hufika kutoka visiwa vyote vya jirani, kutoka Tanzania na hata kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo anayeniuliza aende lini humwambia aende Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, katika juma lake la mwisho, na apange malazi mapema kwa sababu nyumba hujaa. Ashuke Mokowe, gati iliyo upande wa bara, avuke kwa boti, aione kwanza ile nyumba yenye zidaka wakati wa asubuhi kabla ya umati, na akialikwa kula nyumbani kwa mtu asikatae, kwa kuwa biriani ninayoisema hapa si ile inayopikiwa wageni hotelini.