Siku moja kati ya ndege waliotoweka

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kutunza ngozi, mifupa na mayai ya ndege katika hifadhi ya jumba la makumbusho, nyuma ya kumbi ambazo wageni huziona, lakini siku yangu haianzi na ndege bali na wadudu. Kila asubuhi hupita kati ya makabati nikikagua kadi zenye gundi zilizotegwa sakafuni, kwa sababu mabuu ya mbawakawa walao manyoya wanaweza kuiharibu droo nzima kimyakimya. Leo nimekuta buu mmoja wa rangi ya kahawia mbele ya kabati la njiwa. Nimemtia kwenye kichupa na kuandika namba ya kabati, na moyo ulinidunda kidogo, maana mwaka juzi nilichelewa kukagua kona hiyohiyo na bawa zima likaliwa. Kosa lilikuwa langu, na ndege yule hawezi kupatikana tena popote.

Saa 3:00. Kwa hiyo kabati hilo ndilo nililolifungua kwanza, nikiwa nimevaa glavu, kwani ngozi za zamani zilipakwa aseniki ili zisiliwe na wadudu, na sumu hiyo haiishi makali kwa kupita miaka. Katika droo ya tatu wamelala njiwa-msafiri kumi na mmoja, chali, mabawa yamebanwa ubavuni, pamba nyeupe ikichungulia mahali palipokuwa na macho. Dume mmoja bado ana kifua chenye wekundu wa kutu, na shingoni mwake, nikimgeuza taratibu kwenye mwanga, hupita mng'ao wa zambarau. Nilikagua kila unyoya kwa lenzi. Sikuona tundu wala vumbi la wadudu.

Mguuni mwa kila mmoja kuna lebo iliyofungwa kwa uzi, na hizo lebo ndizo zinazonishughulisha kuliko ndege wenyewe. Zina tarehe, jinsia na jina la kaunti, basi. Aliyeziandika hakuona sababu ya kuongeza neno. Ndege huyu wa Amerika Kaskazini anakadiriwa kuwa aliwahi kufikia kati ya bilioni 3 na 5, na makundi yake yalipopita yaliweza kuziba jua kwa saa nyingi. Nani angepoteza wino kumweleza? Jike alitaga yai moja tu, na usalama wa kinda ulitokana na wingi wa viota, maana walao mayai walishiba kabla hawajawamaliza. Kisha zikaja reli na telegrafu. Habari za mahali njiwa walipotua zilisafiri kwa saa chache, wawindaji wakafuata kwa treni, na mizoga ikapelekwa mijini kwa mapipa, huku misitu iliyowalisha ikikatwa. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Katika hifadhi yetu ndege waliokuwa haba wana lebo ndefu, zenye maelezo ya mlio, kiota na rangi ya macho. Waliokuwa wengi wana lebo fupi.

Saa 5:00. Walikuja wanafunzi ishirini na mwalimu wao. Niliwaonyesha nakala ya plasta ya yai la auki mkubwa, ndege wa bahari asiyeruka wa Atlantiki ya Kaskazini, kwa kuwa yai halisi hatuna. Niliwaeleza kwamba jozi ya mwisho inayojulikana kwa hakika iliuawa kwenye kisiwa cha Eldey, Iceland, mwezi Juni 1844, na kwamba kufikia wakati huo bei ya ngozi ilikuwa imepanda kwa sababu wakusanyaji walijua ndege anakwisha. Msichana mmoja aliyesimama nyuma akauliza, bila ukali wowote, "Kwa hiyo ni ninyi watu wa makumbusho mliowamaliza?" Nilimjibu kwamba karne kadhaa za kuwindwa kwa nyama, mafuta na manyoya ndizo zilizowasukuma mpaka kwenye mwamba mmoja, lakini pale mwishoni, ndiyo, tulikuwamo. Mwalimu alionekana kutaka jibu laini zaidi. Mimi sikuwa nalo.

Wengi wao waliamini kwamba kutoweka huletwa na bunduki tu, ndipo nikawapeleka kwa mwenzangu anayetunza konokono. Trei yake ya Partula, jamii ya konokono wa nchi kavu, ina makombe madogo yasiyozidi ncha ya kidole, yenye mistari ya kahawia na manjano, kutoka visiwa vya Polinesia ya Kifaransa. Watu walipeleka huko konokono mkubwa ambaye asili yake ni Afrika Mashariki, ili wamfuge kwa chakula. Akatoroka na kuvamia mashamba. Kumdhibiti, wakaleta konokono mwingine mla-nyama kuanzia miaka ya 1970, naye akawageukia hawa wadogo wasio na hatia. Partula turgida wa mwisho kabisa alifia katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1996. Hapakuwa na risasi hata moja, na kila hatua ilichukuliwa na mtu aliyedhani anatatua tatizo.

Saa 7:00 nilikula.

Saa 8:00. Mchana ni wa kompyuta. Katika hifadhidata yetu kila spishi ina sehemu ya hali yake, nami huilinganisha na Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ambamo zaidi ya spishi 45,000 zimewekwa katika kundi la zilizo hatarini kutoweka. Neno "imetoweka" haliandikwi kwa haraka: lazima pasiwepo shaka ya msingi kwamba kiumbe wa mwisho amekufa, na hilo hudai misako ya kina katika makazi yake, kwa misimu inayofaa. Chura wa dhahabu wa Monteverde, Costa Rica, alionekana mara ya mwisho mwaka 1989, akatangazwa kutoweka mwaka 2004. Tangazo likitolewa mapema mno, ulinzi na fedha huondolewa kwa kiumbe ambaye pengine bado yupo. Chura wa Kihansi wa Tanzania ana hali nyingine: maji ya maporomoko yake yalipoelekezwa kwenye umeme mwaka 2000, manyunyu aliyoyategemea yalikauka, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, lakini waliofugwa Marekani walizaliana na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako manyunyu sasa hutoka kwenye mabomba.

Ukumbi wa maonyesho umeniomba tena sentensi ya bango kuhusu spishi milioni 1 zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka, kama lilivyokadiria jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, mwaka 2019. Nimewapa, ingawa namba hiyo ni kubwa mno kushikika akilini. Ningependa zaidi wabandike zile lebo za njiwa.

Saa 10:30 jioni. Mtafiti mmoja ameomba kupima uzito wa maganda ya mayai ya kozi. Ombi hilo lina historia: mwaka 1967 mtafiti wa Kiingereza Derek Ratcliffe alionyesha, kwa kupima mayai ya makusanyo ya zamani ya Uingereza, kwamba maganda yalianza kuwa membamba mwishoni mwa miaka ya 1940, dawa ya kuua wadudu ya DDT ilipoanza kutumika. Waliookota mayai yale walikuwa wakijifurahisha tu, ila waliandika tarehe.

Saa 11:15. Mlinzi ameniletea shomoro aliyejigonga kwenye kioo cha ukumbi. Ni dume, bado laini, tone moja la damu mdomoni. Ningeweza kumtupa, shomoro wamejaa kila mahali, ingawa Uingereza wamepungua sana tangu miaka ya 1970 na sababu bado zinabishaniwa. Nimempima: gramu 28. Nimekata kipande cha msuli kwa ajili ya friji, nimepasua tumbo na kukuta mbegu sita za nyasi na mguu wa mdudu, kisha nimeandika saa, upande wa jengo, aina ya kioo, mawingu yaliyokuwapo na hali ya manyoya ya mkia. Lebo haikutosha, nikafunga ya pili.