Anayeogopa kusema hapana

Wengi wanaokuja kwangu kwa tiba ya kisaikolojia wakisema hawajui kuweka mipaka, yaani kukataa wasichokitaka, huwa wanayajua maneno yote ya kusema. Marafiki wamekwisha kuwafundisha. Kinachowashinda ni hofu ya kitakachofuata: kununiwa, kusutwa, kuachwa. Mtoto aliyelelewa na mzazi anayeona kila "hapana" kuwa ni dharau huzoea kuzichunguza nyuso za wakubwa kabla ya kujiuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mazoea hayo hayaondoki kwa kupewa nasaha.

Salvador Minuchin, mmoja wa waasisi wa tiba ya familia, aliandika mwaka 1974 kuhusu familia zilizolegeza mipaka mno, uchungu wa mmoja ukawa wa wote, na nyingine zilizoikaza hata mtu akaumia mwenzake asijue. Naona wateja wakitoka upande mmoja na kukimbilia wa pili. Wamechoka kuingiliwa, basi wanakata mawasiliano na kila mtu. Penye ukatili, kukata kunaweza kuwa lazima, na siwezi kumzuia mtu kujiokoa. Ila mara nyingi naiona hofu ileile ya kusema "hapana" na kubaki.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kati yetu wawili, humo humo kikaoni. Nashikilia dakika 50 za kikao, ada na saa za kupigiana simu, kwa sababu mimi ndiye mwenye nguvu zaidi chumbani na mteja anahitaji kujua nitakoma wapi. Thomas Gutheil na Glen Gabbard, madaktari wa akili wa Marekani, walitofautisha mwaka 1993 kuvuka mpaka, yaani kuulegeza bila kumdhuru mteja, na kuukiuka, yaani kumdhuru. Kumshika mkono aliyefiwa kunaweza kumfaa; kuingia naye katika mapenzi ni kumdhuru, hata akitaka mwenyewe. Kabla ya kulegeza chochote najiuliza: haja hii ni yake au yangu?

Halafu, baada ya miezi, hutokea mteja akaniambia, "Hilo sitaki kulizungumza leo," kisha akanitazama kuona kama nimeudhika. Hapo moyo wangu hujaa furaha. Namwambia sawa, tunaliacha. Wiki inayofuata huja akiomba radhi, au hujilazimisha kuzungumza lile lile alilolikataa ili kuniridhisha. Hilo nalo tunalizungumza: alidhani ningemfanya nini?