Programu ipo, pacman anasema haipo

Kila niliyemuuliza alinijibu "futa, uweke upya." Haya, nifute nini?

Kompyuta ya dukani kwetu Chake Chake, tunayotengenezea kadi za harusi, inatumia Arch Linux, mfumo ambao programu zake huwekwa na kufutwa na pacman. Umeme ulizimika apdeti ikiwa njiani, imefika kwenye Inkscape, programu yetu ya kuchorea. Uliporudi nikaondoa lile faili la kufuli, db.lck, linalomzuia pacman asianze kazi nyingine, nikaagiza Inkscape iwekwe tena. Pacman akanimwagia mistari chungu nzima, kila mmoja unaishia "exists in filesystem". Yaani faili lishakuwepo, hagusi.

Basi nikafuata ushauri wa wakubwa, nikaagiza ifutwe: pacman -R inkscape. Jibu: "target not found." Nilicheka peke yangu, wateja wakanitazama. Kuweka hataki kwa sababu ipo, kufuta hataki kwa sababu haipo! Ni mgeni aliyelala gesti bila kuandikishwa: chumbani yumo, mapokezi hawamjui. Mafaili yalishamwagwa ndani ya /usr, umeme ukakatika kabla pacman hajaandika kwenye daftari lake, /var/lib/pacman/local.

Kaka mmoja wa Wete akanishikilia kwenye simu nitumie --force. Kaka, hiyo ilianza kuachwa tangu toleo la 5.1, mwaka 2018! Na kazi yake ilikuwa kufunika kila inachokikuta, kiwe cha nani.

Mie nikauliza kwanza. Ile orodha ya makosa nikaihifadhi kwenye faili, nikachuja majina ya mafaili peke yake, nikampa pacman -Qo ayakague yote kwa mkupuo, kila moja ni la kifurushi (programu) gani. "No package owns", "No package owns", mpaka mwisho. Hapana hata moja lenye mwenyewe mwengine. Lingetokea moja la kifurushi kingine, hapo ningesita. Nikaandika amri ya kuiweka tena, ikifunika yaliyomo ndani ya /usr tu:

sudo pacman -S inkscape --overwrite '/usr/*'

Ikapita bila kelele. Hizo alama za nukuu msiziache; bila hizo shell, yaani kinachopokea amri zako, inaigeuza nyota kuwa majina ya vilivyomo /usr kabla haijamfikia pacman, na mtaona vituko. Bando wala halikuguswa, maana kifurushi kilishashushwa, kimo /var/cache/pacman/pkg. Kuna aliyetaka niweke mfumo mzima upya. Bando la wiki nzima hilo, elfu kumi na ushei, kwa faida ya nani?

Nikapitisha pacman -Qk kuona programu gani nyengine imepungukiwa na mafaili, kisha pacman -Syu kumalizia vilivyobaki. Yule kaka wa Wete anasema nilibahatisha.