Siku moja maishani mwangu: Daktari wa meno na mgonjwa wa wiki mbili

Saa mbili asubuhi nimeshavaa glavu. Jino la mbele la mzizi mmoja, kutoa nyuzi, kung'oa gego. Saa nne ikafika sina habari.

Saa nne na nusu akaingia mzee niliyemwambia arudi baada ya wiki mbili tumalizie matibabu ya mizizi ya jino lake. Imepita miezi minne. Nikampa shikamoo, akaitikia huku akicheka: "Jino liliacha kuuma, daktari, nikajua limepona."

Halikupona. Liliacha kuuma kwa sababu neva tulishaitoa. Kizibo cha muda kimedondoka, ndani kumebaki kijipamba cha kijivu, na harufu yake imepenya barakoa. Ule uji mweupe wa kalsiamu haidroksaidi niliouacha kwenye mizizi umekwisha, mate yameingia.

"Basi ziba leo tumalizane. Jirani yangu alimalizwa siku moja."

Kweli, yapo meno ya kumalizwa siku moja. Hili lilikuja na usaha. Kuta za mzizi zina vijitundu ambavyo faili, kile kisindano cha kukwangulia ndani ya mzizi, haivifikii, na humo ndimo bakteria hujificha. Ule uji una pH ya karibu 12.5, yaani alkali kali, bakteria wengi hawaivumilii, ila kazi yake ni ya siku kadhaa, si ya dakika. Na kuna mkaidi mmoja, Enterococcus faecalis, anayeweza kuuhimili. Watu hudhani tunawarudisha ili tuwatoze mara mbili. Laiti wangejua mgongo wangu unavyouma!

Tukaanza upya. Ganzi, mpira wa kulikinga jino na mate, faili, kuosha kwa dawa ya klorini mara sijui ngapi. Kijiti cha kwanza cha karatasi, cha kukaushia mfereji wa mzizi, kikatoka na ncha ya rangi ya chai. Cha pili vilevile. Cha sita ndicho kilichotoka kikavu, cheupe, nikatamani kumwonyesha mtu. Mfereji wa pili. Wa tatu, uliopinda. Kisha uji mpya, picha ya eksirei, na kizibo cha unene wa milimita nne, maana kikiwa chembamba kinavuja. Naye mzee kasinzia!

Waliokuwa wakisubiri nje walinitazama kama mwizi. Chakula nilikila nimesimama, na mchana wote siukumbuki vizuri, ila mtoto aliyeniuma kidole.

Jioni msaidizi wangu akaniuliza mzee aandikiwe lini. Wiki mbili, nikamwambia, na namba yake ya simu nipe mimi.